Jinsi ya Kuchagua Hedifoni za Hali ya Juu Zenye Sauti ya Joto na Giza

Kuna wasikilizaji ambao masikio yao huchoka mapema. Muziki wanaupenda, lakini nusu saa haijafika wameshavua hedifoni, kwa sababu kila "s" ya mwimbaji inachoma na kila toazi likigongwa linapasua kichwa. Mwongozo huu ni wao. Ni wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba atatoa fedha ya maana, kuanzia kama dola 200 hadi 3,000, apate kitu cha kukaa nacho miaka mingi, na anachotaka ni sauti nene, tulivu, isiyomchokoza.

Nina sharti moja, nalo nitalishikilia hadi mwisho: utulivu huo usipatikane kwa kumpoteza mwimbaji. Hedifoni nyingi zinazosifiwa kwa ulaini zimeupata kwa kumfunika mwimbaji blanketi. Hatua zifuatazo zimepangwa ili ulikwepe blanketi hilo.

Hatua ya 1: Tenganisha joto na giza

Wauzaji hutaja joto na giza kwa pamoja, ilhali ni mambo mawili yanayotokea sehemu mbili tofauti. Sikio la binadamu husikia kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Joto liko chini, takribani kati ya Hz 100 na 300. Hapo ndipo kilipo kifua cha mwimbaji, unene wa gitaa la besi na mvumo wa tumbo la udi. Hedifoni ikiongeza kidogo eneo hilo, kila chombo kinapata mwili.

Giza ni habari ya juu. Kati ya Hz 2,000 na 5,000 ndiko maneno yanakopata uwazi wake, na kati ya Hz 6,000 na 10,000 ndiko ziliko "s" na "sh", matoazi na kayamba. Hedifoni ikipunguza huko, ukali unaondoka. Ikipunguza kupita kiasi, mwimbaji naye anaondoka.

Sababu yake iko kwenye maumbile. Sauti inayotoka kwa mtu aliye mbele yako hufika kwenye ngoma ya sikio ikiwa imekuzwa karibu na Hz 3,000, kwa desibeli kumi hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), kutokana na umbo la sikio na tundu lake. Ubongo umeuzoea ukuzaji huo tangu utotoni. Hedifoni ikikaa ubavuni mwa kichwa, inabidi mtengenezaji aurudishe mwenyewe. Hedifoni za giza haziurudishi wote, ndiyo maana mwimbaji husikika kama amerudi nyuma jukwaani. Wapo wanaolipenda hilo, na si kosa; wengine huligundua wiki ya pili, fedha imeshatoka.

Hatua ya 2: Jaribu ladha yako bila kutoa hata senti

Usinunue kitu kabla ya hatua hii. Chukua hedifoni yoyote uliyo nayo, hata ya bei ndogo. Kwenye kompyuta ya Windows weka Equalizer APO, ikwalaiza ya bure, yaani programu ya kupandisha na kushusha maeneo ya sauti. Kwenye simu ya Android unaweza kutumia Wavelet. Kisha fanya majaribio mawili, moja baada ya jingine, wala usiyachanganye.

Kwanza, pandisha eneo la Hz 100 hadi 300 kwa desibeli 3, kwingine usiguse. Sikiliza hivyo siku mbili tatu katika shughuli zako za kawaida, kisha rudisha kama ilivyokuwa. Pili, shusha kuanzia Hz 3,000 hadi 8,000 kwa desibeli 3 au 4, usiguse chini, ukasikilize tena siku mbili tatu.

Angalizo kubwa: volyumu huhadaa. Kati ya sauti mbili, ile iliyo juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi, hata kama haina ubora wowote wa ziada. Kabla ya kulinganisha, rekebisha volyumu mpaka mwimbaji asikike kwa nguvu ileile pande zote mbili.

Kama jaribio la kwanza ndilo lililokupendeza, wewe ni mtu wa joto, na giza huenda likakukera. Kama ni la pili, unahitaji giza. Kama yote mawili, uwanja wako ni mpana. Na kama hakuna lililokusaidia, shusha eneo dogo tu karibu na Hz 8,000 kwa desibeli 4. Hedifoni kadhaa maarufu, mfano Beyerdynamic DT 990, zina kilele chenye ncha karibu na hapo, na kukikata tu kunatosha kabisa. Ukipata nafuu hapo, baki na hedifoni yako na fedha yako. Nasema hivyo kwa moyo mmoja. Hakuna haja ya kununua dawa ya ugonjwa usio nao.

Hatua ya 3: Angalia mahali unaposikilizia

Hedifoni za mgongo wazi huruhusu sauti kutoka na kuingia. Aliye kando yako anasikia wimbo wako, nawe unasikia feni, jenereta na watoto. Za mgongo uliofungwa huzuia sehemu ya kelele, lakini hewa iliyofungiwa ndani hufanya besi ivume na sauti ibanane. Nyingi kati ya hedifoni bora za joto ni za mgongo wazi. Mwenye chumba tulivu achukue za wazi bila kusita. Anayesikilizia ofisini au sebuleni penye watu achukue zilizofungwa, akubali kupoteza upana kidogo.

Hatua ya 4: Andika orodha fupi

Zipo mamia sokoni, lakini kwa ladha hii majina ya msingi hayazidi vidole vya mkono mmoja. Nitayapitia kwa kirefu, maana hapa ndipo watu hupotelea.

Sennheiser HD 650, ya Ujerumani, ilitoka mwaka 2003 na hadi leo ndiyo kipimo cha wengi. Besi yake imenenepa kidogo juu ya Hz 100, halafu inaanza kupungua chini ya Hz 60 hivi, kwa hiyo usiitegemee kukutikisa. Sauti zake za kati ndizo zilizoipa jina: mwimbaji yuko karibu, ana kifua, na maneno yanaeleweka yote. Juu imetulizwa kiasi. Wapo wanaolalamika kwamba ina pazia, hasa waliozoea hedifoni za mwanga mkali, yaani kinyume cha giza. Mpe wiki moja mtu wa namna hiyo, mara nyingi pazia hutoweka. Mwaka 2016 toleo lake liitwalo HD 6XX lilianza kuuzwa na Massdrop ya Marekani kwa dola 200 hivi, likiwa na sauti ileile kwa jinsi masikio mengi yanavyoamua. Kwa maoni yangu hakuna joto la bei nafuu linalomheshimu mwimbaji kuliko hili. Anayetaka kuanza aanzie hapa, na wengi wakifika hapa hawahitaji kuendelea.

Audeze LCD-2, kutoka California, ni mnyama mwingine kabisa. Ni ya planari: badala ya koni, ina utando mwembamba sana uliotandazwa mbele ya sumaku, na umeme hupita kwenye utando wenyewe. Faida yake utaisikia chini. Besi inashuka hadi Hz 20 bila kulegea, ngoma kubwa ina uzito na pia ina mwisho, haiachi ukungu. Lakini eneo la Hz 2,000 hadi 5,000 limeshushwa waziwazi. Hili ndilo giza halisi. Ukisikiliza bendi yenye besi nzito utafurahi. Ukisikiliza mwimbaji wa kike na ganuni, utajikuta unaongeza volyumu ukimtafuta. Bei yake imekuwa ikizunguka dola 1,000.

Meze Audio ni kampuni ya Romania, kutoka mji wa Baia Mare. Modeli yake ya 99 Classics, iliyotoka mwaka 2015, ina mgongo uliofungwa wa mbao za mjozi, na uzito wa gramu 260 tu; ilipotoka iliuzwa dola 300 hivi. Besi yake ya kati imejaa, wakati mwingine inamwagikia sauti ya mwimbaji wa kiume. Kwa ofisini ni chaguo zuri. Ngazi ya juu kuna Empyrean ya mwaka 2018, planari iliyoundwa pamoja na Rinaro ya Ukraine na kuuzwa karibu dola 3,000. Ni nene, tamu, inakaa kichwani vizuri kuliko planari nyingi. Kasoro yake ni kwamba inapendezesha kila kitu, rekodi nzuri na mbaya, hata tofauti zake zinapungua.

Halafu kuna ZMF ya Chicago, karakana iliyoanza kwa kurekebisha hedifoni za Fostex T50RP na sasa inachonga vikombe vya mbao kwa mkono. Hawa wanajulikana kwa joto lenye uhai, na hutoa pedi za aina mbalimbali ili mwenye hedifoni aamue mwenyewe kiasi cha mwanga. Ni nzito na ni ghali, lakini wanaelewa wanachotafuta watu wa ladha hii.

Chagua mbili au tatu kati ya hizo, zisizidi. Kumi zitakuvuruga.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa muziki unaoujua

Dukani watakuwekea wimbo wao, uliochaguliwa kwa sababu husikika vizuri kwenye kila hedifoni. Ukatae kwa heshima, ubebe wako. Mimi naamini muziki wetu wa pwani ni kipimo bora kwa kazi hii kuliko rekodi nyingi za maonyesho, kwa sababu taarabu ya zamani ina kila kitu kinachohitajika mahali pamoja.

Anza na ganuni. Nyuzi zake zikikwanyuliwa kwa haraka, kila noti ina ncha na ina mkia. Kwenye hedifoni nzuri ya joto, ncha inasikika bila kuchoma na mkia unasikika ukififia. Kwenye hedifoni ya giza kupita kiasi, ncha zinayeyukiana na ganuni inageuka kuwa mvumo mtamu usio na vidole. Hapo ujue blanketi limeshashuka. Nenda kwenye fidla zikipiga kwa pamoja: unapaswa kuhisi kwamba ni kadhaa, si moja iliyonenepa. Kisha mwimbaji wa kike. Funga macho, ujiulize kama unaelewa kila neno bila kukaza sikio. Ukilazimika kubahatisha neno moja katika wimbo unaoujua, iweke hedifoni hiyo pembeni.

Kwa besi, tafuta rumba ya Kongo yenye gitaa la besi linalotembea. Noti ya chini kabisa ya gitaa hilo la nyuzi nne iko Hz 41. Fuatilia besi peke yake kwa dakika nzima. Joto zuri linakuonyesha noti gani imepigwa. Joto bovu linakuonyesha tu kwamba kuna besi.

Halafu weka rekodi kongwe kabisa. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na sahani za wakati ule zina mchakacho mwingi juu ya sauti yake. Hapa hedifoni ya joto hufanya kazi ambayo nyingine haziwezi: mchakacho unarudi nyuma, sauti inabaki mbele. Mwenye mkusanyiko wa nyimbo za zamani, hata kama ni kanda zilizonakiliwa kutoka redioni, ana sababu ya kweli ya kutafuta sauti hii.

Mwisho, sikiliza mtu akizungumza: taarifa ya habari, mawaidha, mahojiano, chochote. Hakuna kitu ambacho ubongo unakijua kuliko sauti ya mtu akiongea. Akisikika kama anaongea akiwa na mafua, joto limezidi.

Fanya yote haya kwa volyumu unayotumia nyumbani. Tangu kazi ya wanasayansi wa sauti Fletcher na Munson ya mwaka 1933 inajulikana kwamba volyumu ikishuka, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Kwa hiyo hedifoni ya joto ina faida ya pekee kwa anayesikiliza taratibu usiku: inamrudishia kile ambacho sikio limepunguza. Hedifoni hiyohiyo kwa volyumu ya juu inaweza kuwa nzito mno. Dukani watu hupandisha volyumu, na hivyo huamua kwa hali ambayo hawataiishi.

Hatua ya 6: Hakikisha ina cha kuiendesha

Tarakimu mbili zinatosha: impidensi, yaani ukinzani wa hedifoni kwa umeme, ambayo huhesabiwa kwa omu, na unyeti, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa umeme fulani. HD 650 ina omu 300, na volti 1 huifikisha desibeli 103. Adapta ndogo ya simu inayotoa volti 1 inatosha kwa usikilizaji wa wastani, ingawa haitabaki na akiba kwa rekodi zilizorekodiwa chini. Meze 99 Classics ina omu 32 na simu inaiendesha bila shida. LCD-2 ina omu 70 na inapenda nguvu zaidi. Itafutie amplifaya yake.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba impidensi ya tundu la amplifaya isizidi sehemu moja ya nane ya ile ya hedifoni. Lakini kwa watu wa joto kuna jambo zuri hapa. Impidensi ya HD 650 hupanda hadi kama omu 500 karibu na Hz 100. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kizamani) yenye impidensi kubwa ya kutolea, besi inapanda yenyewe kidogo na sauti inanenepa. Ndiyo maana valvu na HD 650 zimekuwa wachumba wa muda mrefu. Kwa planari hila hii haifui dafu, kwa sababu impidensi yake haibadiliki kutoka chini hadi juu.

Usitumie fedha nyingi kwenye waya. Waya mzima wenye urefu unaofaa unatosha.

Hatua ya 7: Ivae saa nzima

LCD-2 ina uzito wa zaidi ya gramu 550, mara mbili ya HD 650. Dakika tano dukani hazitakuambia chochote kuhusu shingo yako. Omba ukae nayo saa nzima, ukiwa na miwani kama wewe ni mvaaji wa miwani, maana fremu huacha mwanya kwenye pedi na besi huvujia hapo, hasa kwa zile zilizofungwa. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, pedi za ngozi zitamtoa jasho. Za mahameri au kitambaa hupumua zaidi. Ila kumbuka kwamba pedi ni sehemu ya sauti. Ukibadilisha ngozi kwa mahameri, mara nyingi besi inapungua na mwanga unaongezeka, na joto ulilolilipia linaondoka nalo.

Hatua ya 8: Nunua kwa hesabu kamili

Afrika Mashariki maduka ya kusikilizia hedifoni za daraja hili ni haba, kwa hiyo wengi huagiza, au hutumia safari ya ndugu anayetoka Dubai, London au Marekani. Unapoagiza, ushuru huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha juu yake kuna VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, na ada nyingine za forodha. Piga hesabu yote kabla ya kubofya. Muulize pia muuzaji kuhusu kurudisha bidhaa: hedifoni ya dola 1,000 isiyorudishika ni sawa na mbuzi kwenye gunia.

Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda ni ya volti 120 pekee. Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Tanzania 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaichoma. Soma nyuma ya kifaa. Kama imeandikwa 100–240V, uko salama, utahitaji plagi tu.

Za mitumba usiziogope, hasa HD 650, ambayo karibu kila kipande chake kinachomoka na kubadilishwa. Muombe muuzaji picha ya namba ya mfululizo (serial number) na ya pedi kwa ndani, na ukifika jaribu kila upande peke yake kwa volyumu ya chini kisha ya wastani, ukisikiliza mkwaruzo. Ukikuta bei ya HD 650 mpya ni robo ya kawaida, achana nayo, feki zipo.

Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Yape masikio wiki mbili kabla ya kuhukumu, lakini usivuke siku za kurudisha. Katika muda huo, chunguza volyumu yako. Hatari ya giza ni kwamba mtu huongeza volyumu akitafuta maneno, na kwa kuwa hakuna kinachochoma, hasikii onyo lolote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza zisizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Ukijiona unapandisha kila siku, rudi kwenye ikwalaiza, pandisha eneo la Hz 3,000 kwa desibeli 2, kisha shusha volyumu.

Pwani, hedifoni isikae nje usiku kucha. Ifute jasho kwa kitambaa kikavu, uirudishe kwenye sanduku lake pamoja na vifuko viwili vya silika vya kunyonya unyevu, usiitundike karibu na dirisha la upande wa bahari. Na unapoagiza hedifoni, agiza na jozi moja ya pedi za ziada za aina ileile, kwa sababu pedi zikishabonyea, spika ya ndani inasogea karibu na sikio na sauti yote inabadilika, na kuzisubiri zisafirishwe peke yake hugharimu karibu sawa na bei yake.